Kusomea lishe: anza na kazi unayoitaka, kisha rudi nyuma hadi chuoni

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, vijana huuliza swali lilelile: "Nimepata nafasi ya lishe, ina ajira?" Wengi wao walitaka udaktari, alama zikapungua kidogo, lishe ikawa chaguo la tatu au la nne. Hilo si tatizo. Tatizo ni kumaliza miaka mitatu au minne bila kujua kwamba fani hii ina kazi kadhaa zisizofanana, kila moja na waajiri wake na masharti yake, na kwamba shahada iliyokuingiza halmashauri yaweza isikuingize wodini.

Kwa hiyo mwongozo huu, ambao nauelekeza zaidi kwa msomaji wa Tanzania na Kenya, hauanzii chuoni. Unaanzia kazini.

Hatua ya 1: Amua unataka kushinda wapi

Tuanze na wodi, maana ndiko watu wanakokuelewa vibaya zaidi. Lishe tiba si kugawa uji wa wagonjwa. Chukua mtoto wa miezi 14 aliyelazwa kwa utapiamlo mkali. Ana kilo 6, miguu haijavimba, na mkanda wa kupimia mkono umesoma chini ya sentimita 11.5, yaani uko kwenye rangi nyekundu. Mama anataka mwanawe ale ashibe, na ni haki yake kutaka hivyo. Lakini mwili uliokaa na njaa muda mrefu hauwezi kubeba chakula kingi kwa mara moja. Mtaalamu wa lishe anamwanzishia maziwa ya F-75, yenye kilokalori 75 katika kila mililita 100, kwa kiwango cha mililita 130 kwa kila kilo kwa siku. Kilo 6 mara 130 ni mililita 780. Akinywa kila baada ya saa tatu, anakunywa mara nane, kama mililita 100 kila mara, na mlo wa saa tisa usiku una uzito uleule wa mlo wa saa tatu asubuhi. Hali ikitulia na hamu ya kula ikirudi ndipo anapohamishiwa F-100 au chakula dawa, ile pakiti ya gramu 92 ya siagi ya karanga yenye kilokalori 500. Ukiharakisha hatua hizi, moyo wa mtoto unaweza kushindwa.

Kwa watu wazima hesabu ni nyingine lakini umakini ni uleule. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu huhitaji kupunguza potasiamu. Ukimwambia mtu wa Tanga aache madafu, ndizi, parachichi na mchicha, kisha ukaishia hapo, atakuitikia "sawa daktari" na kwenda kula vilevile. Mjuzi atamwonyesha kukata mboga ndogondogo, kuzichemsha kwa maji mengi, kumwaga yale maji, ndipo aziunge. Kama mazungumzo ya namna hii yanakuvutia, na hesabu hazikutishi, lishe tiba ni yako.

Kazi ya pili ni ya halmashauri, na kwa Tanzania hii ndiyo inayochukua watu wengi. Afisa lishe wa halmashauri hakai na mgonjwa mmoja, anakaa na takwimu za kata nzima. Anaandaa bajeti, anaitisha kikao cha kamati ya lishe, anafuatilia matone ya vitamini A na dawa za minyoo, anafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii, anakwenda kwenye siku ya lishe ya kijiji na kuonyesha upishi kwa vyakula vilivyopo. Mkataba wa lishe uliosainiwa na wakuu wa mikoa mwaka 2017, na kusainiwa upya mbele ya Rais Samia mwaka 2022, umeipa kazi hii meno: halmashauri inatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, na utekelezaji unapimwa. Kutengwa kwenye bajeti ni jambo moja, kutoka kwa fedha ni lingine. Sehemu kubwa ya kazi yako itakuwa kumkumbusha mweka hazina kwa heshima, tena na tena. Asiyependa vikao atateseka hapa.

Lakini ndiko penye maswali mazito. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na Iringa, mkoa unaolisha wengine mahindi, ukawa na zaidi ya nusu ya watoto wake katika hali hiyo. Chakula kipo, udumavu upo. Muda wa mama shambani, mlo wa wanga mtupu, maji, magonjwa ya kuhara, ndoa za mapema: afisa lishe ndiye anayetakiwa kuyafungua mafundo hayo pamoja na watu wa kilimo, maji na maendeleo ya jamii.

Viwandani kuna nafasi chache zaidi lakini zenye utulivu. Chumvi inatiwa madini joto, mafuta ya kula yanaongezwa vitamini A, unga wa ngano na wa mahindi unaongezwa madini chuma na foliki asidi, na lazima awepo mtu wa kuhakikisha kiwango ni sahihi kabla wakaguzi wa mashirika ya viwango, TBS ya Tanzania au KEBS ya Kenya, hawajafika. Anayependa maabara kuliko watu aangalie huku, na akumbuke kwamba mara nyingi shahada ya sayansi na teknolojia ya chakula humfaa zaidi kuliko ya lishe ya binadamu.

Nne ni mashirika na utafiti: UNICEF, WFP, mashirika yasiyo ya kiserikali, kambi za wakimbizi kama Kakuma, Dadaab na Nyarugusu, taasisi za utafiti wa afya kama Ifakara, KEMRI na APHRC. Malipo huwa mazuri, mikataba huwa mifupi. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wataalamu wa lishe wengi waliokuwa kwenye miradi walijikuta nyumbani ndani ya wiki chache. Siwakatazi watu miradi. Nasema tu usijenge maisha yako yote juu yake.

Kuna pia ushauri binafsi, wa kliniki na wa mtandaoni. Soko lipo, hasa mijini, kwa sababu ya kisukari, presha na unene. Lipo pia jeshi zima la wauza juisi za "kuondoa sumu mwilini" wasio na elimu yoyote ya lishe, na utashindana nao kwa bei na kwa maneno matamu. Ingia huku baada ya kufanya kazi hospitalini kwa miaka kadhaa, si siku ya mahafali.

Hatua ya 2: Panga masomo ya sekondari na njia ya kuingilia

Kemia na baiolojia ndizo nguzo. Kwa kidato cha tano Tanzania, tahasusi za PCB (fizikia, kemia, baiolojia), CBG (kemia, baiolojia, jiografia), CBA (kemia, baiolojia, kilimo) na CBN, ile yenye lishe ndani yake, zote zinakupeleka. Kigezo cha jumla cha TCU, tume ya vyuo vikuu, ni alama mbili za ufaulu mkuu zenye jumla ya pointi 4.0, lakini kila programu ina masharti yake ya ziada, kwa hiyo soma kitabu cha mwongozo wa udahili cha mwaka huohuo, si cha mwaka jana ulichotumiwa WhatsApp. Mwenye stashahada anaweza kuingia shahada kwa GPA ya kuanzia 3.0.

Kenya, shahada inahitaji wastani wa C+ kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, pamoja na alama nzuri za baiolojia na kemia, na maombi ya nafasi za serikali yanapitia KUCCPS, chombo kinachopanga wanafunzi vyuoni. Asiyefikia hapo ana njia ya stashahada, ikiwemo ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, kisha anapanda. Njia hii ndefu haina aibu. Mwenye stashahada aliyefanya kazi kwenye kituo cha afya miaka mitatu huwa anafika chuo kikuu akijua kupima mtoto bila kumliza, jambo ambalo wenzake wa shahada moja kwa moja hujifunza wakiwa mwaka wa mwisho.

Na hesabu usiikimbie. Takwimu zitakufuata hadi shahada ya uzamili.

Hatua ya 3: Chagua chuo kwa kusoma mtaala, si jina la kozi

Tanzania, SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, ndicho chuo chenye historia ndefu zaidi katika shahada ya lishe ya binadamu, na maofisa lishe wengi wa halmashauri wametoka huko. Chuo Kikuu Huria kina shahada ya chakula na lishe inayomfaa mtu aliye kazini. Kenya ina uwanja mpana: Kenyatta, JKUAT, Nairobi kupitia kampasi ya Kabete, Egerton, Maseno na vingine. Uganda, Kyambogo na Makerere wanafundisha, na Chuo Kikuu cha Rwanda kina shahada ya lishe ya binadamu na lishe tiba.

Kozi mbili zenye majina yanayokaribiana zinaweza kutofautiana sana. Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, omba mtaala wote, uusome kalamu ikiwa mkononi. Hesabu wiki za mafunzo hospitalini. Je, utakaa wodi ya watoto, wodi ya upasuaji, kliniki ya kisukari, kitengo cha figo? Au wiki zote ziko vijijini? Angalia kama kuna somo la biokemia ya binadamu, fiziolojia na lishe katika magonjwa, au mtaala umeelemea kilimo na usindikaji. Uliza ni hospitali gani chuo kina makubaliano nazo kwa maandishi. Kisha mtafute mhitimu wa miaka miwili iliyopita, siyo yule aliyechapishwa kwenye kipeperushi, umuulize anafanya nini sasa.

Kwa Kenya kuna swali moja linalotangulia yote: je, programu hii, katika kampasi hii, imeidhinishwa na KNDI? Taasisi hiyo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, ndiyo inayosajili wataalamu wa lishe, na usiposomea mahali inapopatambua hutasajiliwa hata uwe na alama za juu. Mwanafunzi mwenyewe naye huandikishwa na taasisi akiwa bado masomoni. Lifanye mwaka wa kwanza.

Ada ikiwa kikwazo, bodi za mikopo ya elimu ya juu, HESLB ya Tanzania na HELB ya Kenya, zipo, ila usisubiri wiki ya mwisho. Fomu nyingi hurudishwa kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa kisichohakikiwa, si kwa sababu ya umaskini kutoonekana.

Hatua ya 4: Mafunzo kwa vitendo yawe kazi, si mahudhurio

Wanafunzi wengi huenda field wakakaa ofisini kupanga mafaili, ripoti ikaandikwa siku mbili za mwisho. Ukiwa mwerevu utaomba mambo machache na kuyafanya hadi mkono uzoee: kupima urefu wa mtoto aliyelala kwenye ubao, mmoja akishika kichwa na mwingine magoti; kusoma mkanda wa mkono bila kuubana; kupima mizani kwa uzito unaoujua kabla foleni haijaanza.

Gumu kuliko yote ni kumuuliza mtu alichokula jana. Linaonekana swali la watoto. Atakwambia: "Chai asubuhi, ugali mchana, usiku ugali." Hapo hujapata kitu. Chai ilikuwa na maziwa? Sukari vijiko vingapi, vya chai au vya chakula, vilivyosawazishwa au vya mlima? Ugali wa sembe au dona, na bonge lilikuwa kama ngumi au kama ngumi mbili? Mboga ilikuwa nini, mafuta yalipimwa kwa kijiko au yalimiminwa? Kati ya saa nne na saa saba hukuonja hata muhogo wa kukaanga? Fundi wa swali hili hamhukumu mtu kwa jicho, maana akihisi unamhukumu, ule muhogo hatautaja. Beba kikombe, kijiko na bakuli vya kupimia, umwache aonyeshe kwa mkono.

Upande wa kompyuta, jifunze Excel vizuri, KoboToolbox ya kukusanyia takwimu, na programu ya ENA inayotumika kwenye tafiti za SMART za hali ya lishe. Zote mbili za mwisho hazikugharimu senti. FAO nao wana kozi za bure mtandaoni zenye vyeti. Vyeti hivyo peke yake havikupi ajira, lakini kwenye usaili vinaonyesha kwamba hukuwa umekaa.

Weka daftari la kazi: tarehe, wodi au kijiji, ulichofanya, saa ngapi, sahihi ya msimamizi na muhuri. Tutalirudia hili.

Hatua ya 5: Usajili na kazi ya kwanza

Kenya: utarajali, mtihani wa KNDI, usajili, kisha leseni ya kufanya kazi inayohuishwa kila mwaka. Kufanya kazi bila leseni ni kosa kisheria, na waajiri makini, hospitali hasa, huiomba kabla hata ya kusoma barua yako.

Tanzania, nafasi za serikali za Afisa Lishe Daraja la II hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, nawe unaomba kupitia Ajira Portal. Jaza wasifu wako humo mapema, vyeti vikiwa vimehakikiwa, majina yakifanana kwenye kila karatasi. Wengi huangushwa na jina la kati lililoandikwa tofauti kwenye cheti cha kidato cha nne. Wakati unasubiri, jitolee kwenye hospitali ya wilaya au ofisi ya afisa lishe, lakini weka ukomo na uandike barua ya makubaliano, maana kujitolea kusiko na ukomo hugeuka ajira ya bure.

Kama una uchaguzi kati ya wilaya ya mbali na mradi wa mjini, mimi ningechukua wilaya. Ni kazi ya kudumu, na ukishaendesha lishe ya halmashauri nzima, utakuwa na mambo ya kusimulia kwenye barua ya kuomba ufadhili ambayo aliyekaa mjini hana.

Hatua ya 6: Shahada ya uzamili, na ya nini?

Usiunganishe kutoka shahada ya kwanza moja kwa moja hadi ya pili kwa sababu tu hujapata kazi. Miaka miwili kazini itakuonyesha swali lako ni lipi. Aliyebaki anashangazwa na takwimu za kata aende lishe ya jamii au epidemiolojia. Aliyependa wodi aende lishe tiba. Aliyechoshwa na unga usio na viwango aende sayansi ya chakula.

Nyumbani kuna SUA, Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, Kenyatta, JKUAT na Nairobi. Nje, Wageningen ya Uholanzi ina shahada ya uzamili ya lishe na afya, na chuo cha usafi na tiba za kitropiki cha London kina ya lishe kwa afya ya dunia. Ukifika huko utafundishwa mchoro wa UNICEF wa mwaka 1990 unaoeleza sababu za utapiamlo, za karibu, za ndani na za msingi. Usiupokee kama mgeni. Ulikomaa kutokana na kazi iliyoanza mkoani Iringa mwaka 1983, serikali ikishirikiana na UNICEF na WHO, ambapo watoto katika vijiji 168 walikuwa wakipimwa uzito na wanakijiji wenyewe kukaa kujadili kwa nini fulani hakuongezeka na kifanyike nini. Afisa lishe anayeijua historia hiyo ana la kusema darasani.

Ufadhili: Commonwealth na Chevening kwa Uingereza, DAAD kwa Ujerumani na pia kwa vyuo vya kanda hii. Chevening inataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili na urudi nyumbani kwa miaka miwili baadaye. Kwenye barua, tatizo moja la mahali unapojua, kwa namba, linashinda kurasa mbili za "tangu utotoni nimependa kusaidia jamii".

Hatua ya 7: Kama unataka kufanya kazi nje

Hapa ndipo watu hupoteza fedha nyingi. Uingereza, cheo cha mtaalamu wa lishe tiba kinalindwa na sheria, na huwezi kukitumia bila kusajiliwa na HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya huko. Shahada ya uzamili ya lishe ya jamii, hata ya chuo kikubwa, haikupi usajili huo. Unahitaji ama programu iliyoidhinishwa na HCPC, au kuomba kwa njia ya waliosomea nje, ambapo mtaala wako na saa zako za vitendo vitapimwa kimoja kimoja. Mtu amelipa ada ya London akidhani atatoka na kazi ya NHS, huduma ya afya ya umma ya huko, akaja kujua hili akiwa ameshapanga chumba.

Marekani, tangu 1 Januari 2024 anayetaka kufanya mtihani wa usajili lazima awe na shahada ya uzamili, pamoja na masomo ya programu iliyoidhinishwa na angalau saa 1,000 za vitendo chini ya msimamizi. Shahada ya nje hutathminiwa kwanza, na majimbo mengi yana leseni zao juu ya hapo. Nchi za Ghuba nazo huhakiki vyeti na uzoefu wako moja kwa moja kwa chuo na mwajiri, kisha hukupa mtihani wa kompyuta. Ndiyo maana hospitali uliyofanyia kazi iwe na kumbukumbu zako.

Na lile daftari la hatua ya nne ndilo linalohitajika hapa. Mamlaka hizi zote huuliza kilekile: maelezo ya kila kozi uliyosoma, siyo orodha ya alama tu, na saa za vitendo kwa kila eneo. Mitaala hubadilishwa, wasimamizi huhama, na mafaili ya zamani huishia stoo. Siku unayochukua cheti, mwombe msajili wa chuo akupe maelezo hayo yote kwa maandishi, yakiwa na sahihi na muhuri, nakala mbili.